Kompyuta ilipoingia ofisini, mpiga chapa alikwenda wapi?

Mnamo Mei 2023, mpenzi msomaji, moto uliwaka katika mashamba ya chai ya Kericho. Mashine kadhaa za kuchuma majani chai ziliteketezwa na watu waliosema kwamba zinawanyang'anya riziki, na vijana na polisi wakakabiliana. Ugomvi wenyewe haukuzaliwa siku hiyo. Tangu miaka ya 2000, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kampuni za chai vimekuwa vikivutana juu ya mashine hizo, mezani na mahakamani.

Sisi tuishio mijini husoma habari kama hizo tukiwa na kikombe mkononi, tukatikisa kichwa na kufungua ukurasa wa michezo. Twadhani ni mambo ya huko milimani. La hasha! Mashine ya namna hiyo ilikwisha kuja kwetu zamani. Iliwakuta mama zetu, shangazi zetu na dada zetu wameketi mbele ya taipureta, migongo imenyooka na macho kwenye daftari. Haikuwa na meno ya kukata majani. Ilikuwa programu ya kompyuta ya kuandikia barua. Leo natuifuate hadithi yake, kwa maana yaliyompata mpiga chapa wa jana yanaweza kumfunza jambo mchuma chai wa leo, na mwanafunzi wa kesho vilevile.

Nakala nne, kosa moja

Chai ni zao la majani, lakini pia ni zao la karatasi. Mkulima mdogo wa Litein au Mogogosiek hupeleka kikapu chake kituoni, majani yakapimwa, na kilo zikaandikwa. Kiwandani huandikwa tena. Mnada nao una karatasi zake. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na kwa miaka mingi chai yetu nyingine iliuzwa London hadi mnada wa huko ulipofungwa mwaka 1998. Ongeza hapo mishahara ya maelfu ya vibarua, barua za madaktari wa mashamba, ripoti za mameneja na kumbukumbu za mikutano. Nyuma ya kila karatasi alikuwapo mtu wa kuipiga chapa.

Kazi hiyo ilikuwa na adabu yake. Karatasi nyeupe juu, kaboni chini yake, karatasi nyingine, kaboni nyingine, hadi nakala nne. Kidole kikiteleza kwenye herufi moja, kosa lilikuwa limekwisha kuingia kote. Ilibidi kufuta nakala moja baada ya nyingine kwa raba, bila kuitoboa karatasi. Na bosi akirudi mchana kusema kwamba aya ya pili ingefaa kuwa ya nne, dawa ilikuwa moja tu: kuanza upya.

Wazazi waliosoma zamani watakumbuka pia stenseli, ile karatasi ya nta iliyopigwa chapa bila utepe wa wino, kisha ikazungushwa katika mashine ya mkono ili kutoa mitihani ya muhula. Kosa kwenye stenseli lilipakwa dawa, likapulizwa hadi likauke, ndipo herufi ikapigwa tena juu yake.

Kwa hiyo mpiga chapa hodari hakuwa yule mwenye kasi peke yake, bali yule asiyekosea. Vyeti vya Pitman kutoka Uingereza, na baadaye vya Baraza la Mitihani la Kenya lililoundwa mwaka 1980, vilipima vidole kwa dakika na kwa makosa. Binti aliyekuwa na cheti cha juu aliweza kula na kulisha wadogo zake. Lakini aliishi na hofu siku zote.

Kumbukumbu ndani ya mashine

Hatua ya kwanza ya kuiondoa hofu hiyo ilichukuliwa Marekani. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitoa taipureta iliyounganishwa na utepe wa sumaku, mfano wa ule wa kinasa sauti. Ulichoandika kilibaki kwenye utepe. Ukikosea, ulirudi nyuma ukapiga herufi sahihi juu ya ile mbaya, kisha mashine ikaipiga barua nzima upya yenyewe.

Mwaka 1971 mwanamke mmoja mhandisi, Evelyn Berezin, kupitia kampuni aliyoianzisha ya Redactron, alianza kuuza mashine ya kuandikia yenye akili ya kompyuta. Akaiita Data Secretary, yaani karani wa data. Ilikuwa kubwa kama jokofu dogo na haikuwa na kioo cha kutazamia maandishi. Mashine hizo zilikuwa ghali mno. Zilinunuliwa na mashirika makubwa, si na shule wala na kanisa la kijijini.

Mambo yalibadilika kompyuta ndogo za mezani zilipotokea. Mmarekani Michael Shrayer, ambaye awali alikuwa mtu wa filamu, alikuwa na kompyuta ya Altair na alikuwa ametengeneza programu nyingine kwa ajili yake. Alipoketi kuandika kitabu cha maelezo ya programu hiyo kwa taipureta, akajiuliza: kwa nini nihangaike na karatasi na raba, na hapa mezani pana kompyuta? Desemba 1976 akaanza kuuza programu aliyoiita Electric Pencil, kalamu ya risasi ya umeme. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa programu ya kwanza ya kuandikia katika kompyuta za nyumbani.

Utaona, msomaji, kwamba jambo kubwa halikuwa kasi. Jambo kubwa lilikuwa kutenganisha kuandika na karatasi. Maneno yalikaa kwanza hewani, kwenye kioo, yakingoja mwenyewe aridhike. Kukosea hakukuwa tena hasara.

Herufi nne za WordStar

Mwaka 1979 ikaja WordStar, kazi ya mfanyabiashara Seymour Rubinstein na fundi wake Rob Barnaby. Hii ilionyesha kwenye kioo mahali ukurasa utakapoishia, na mstari ukijaa, neno lilishuka lenyewe chini. Kompyuta nyingi za wakati huo hazikuwa na vitufe vya mishale. Barnaby akatumia herufi za kawaida: ukishikilia kitufe cha Ctrl, E ilikupandisha juu, X ikakushusha, S ikakupeleka kushoto na D kulia. Itazame kibodi yako leo. Herufi hizo nne zimekaa kama almasi chini ya mkono wa kushoto. Mpiga chapa hakulazimika kuinua vidole kutoka mahali alipofundishwa kuviweka.

IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani Agosti 1981, na makampuni yakaanza kununua. Mwaka 1982 WordPerfect ikaingia katika kompyuta hiyo. Ilikuwa imeanza kama kazi ya mwalimu wa chuo kikuu, Alan Ashton, na mwanafunzi wake Bruce Bastian aliyekuwa kiongozi wa bendi ya chuo, waliotengeneza programu kwa ajili ya ofisi za mji wa Orem, jimbo la Utah. Toleo la 5.1 la mwaka 1989 ndilo lililoshika dunia. Lilikuwa na kioo cha samawati, maandishi meupe, na kipande cha plastiki au karatasi ngumu kilicholazwa juu ya kibodi kukumbusha kazi ya kila kitufe. Kutoka ilikuwa F7.

Microsoft nao walitoa Word mwaka 1983, ikisimamiwa na Charles Simonyi ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshiriki kutengeneza programu ya Bravo katika maabara ya Xerox. Walisambaza diski za majaribio ndani ya jarida la kompyuta ili watu waonje kabla ya kununua. Hata hivyo ilibidi wangoje miaka kadhaa kabla ya kuwapiku wenzao.

Kikapu na mizani

Programu hizi zilikuwa na sheria moja ambayo watu wa nchi ya chai wangeielewa upesi kuliko watu wengine. Majani yaliyo kikapuni mgongoni mwako hayajawa pesa. Yanaweza kumwagika, yanaweza kunyauka. Huwa pesa pale yanapopimwa kituoni na kilo zikaandikwa. Vivyo hivyo barua iliyo kwenye kioo. Ilikuwa imeshikwa na umeme tu, na umeme ukipotea, barua nayo ilikwenda zake. Mpaka uihifadhi kwenye diski, hukuwa na kitu.

Na Kericho, kama kila aliyepita huko ajuavyo, ni nchi ya ngurumo. Mvua ya alasiri huja na radi, mara nyingine na mvua ya mawe inayopukutisha majani chai shambani. Umeme kukatika si habari. Kampuni kubwa za chai zilikuwa na mitambo yao midogo ya umeme wa maji. Hospitali ya Tenwek huko Bomet ilipata wake mwaka 1987 kutoka maporomoko ya mto Nyangores. Ofisi nyingine zilitegemea bahati. Karani aliyezoea taipureta, ambayo haikuhitaji umeme wala dua, ilibidi ajifunze tabia mpya ya kuhifadhi kila baada ya aya. Aliyepuuza alilia mara moja tu, akafundishika.

Viatu mlangoni

Kenya iliona kompyuta ndogo katika ofisi za serikali, Wizara ya Kilimo ikiwamo, miaka ya 1980. Majirani zetu Tanzania walikuwa na njia yao. Mwaka 1974 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kutumia kompyuta kwa hesabu za serikali kuleta hasara, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa polepole.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyoleta gumzo majumbani. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989, na tangu hapo kila Desemba wazazi waliulizana: huyu mtoto atakaa nyumbani hadi matokeo yaje? Vyuo vya kompyuta vikachipuka kama uyoga, juu ya maduka ya vitambaa na kando ya vituo vya matatu. Ubao wa mlangoni uliorodhesha masomo kama menyu ya hoteli: DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase. Watu waliyaita pakeji. "Amefanya pakeji ngapi?" liliulizwa hata na wazee waliokwenda kuposa.

Mashine zenyewe zilitunzwa kama bibi harusi. Zilifunikwa kwa vitambaa vilivyoshonwa kwa kipimo, madirisha yakafungwa kuzuia vumbi, na mwanafunzi akaacha viatu mlangoni. Ukiujua udongo mwekundu wa milima hiyo wakati wa mvua hutauliza kwa nini. Humo ndani mlikuwa na kompyuta chache na vijana wengi, wakipokezana. Mmarekani mwenye WordPerfect aliweza kupiga simu ya bure akaelekezwa na kampuni. Kijana wa kwetu alitegemea jirani yake na maelezo yaliyotolewa fotokopi hadi herufi zikafifia.

Lugha yetu nayo haikupata taabu. Kiswahili hakina alama juu ya irabu, kwa hiyo kibodi ya Kiingereza ilitutosha. Kipsigis nacho huandikwa kwa herufi hizohizo, na ile ng' hutaka kitone tu cha juu. Mzee Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa Kericho, alichapisha utafiti wake wa lugha ya Kalenjin mwaka 1979, mwaka uleule wa WordStar. Programu za kwanza hazikujua lugha yoyote, basi hazikumsahihisha mtu. Mistari myekundu ya kukukemea kwa kuandika "nyumbani" ilikuja na Word ya mwaka 1995. Ilichukua hadi mwaka 2004 kwa programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, kutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden.

Aliyevuka na aliyebaki

Sasa turudi kwenye swali letu. Mpiga chapa alikwenda wapi?

Mwanzoni hakwenda popote. Programu iliwahitaji watu wenye vidole vilivyofunzwa, na vidole hivyo alikuwa navyo yeye. Herufi zilikaa palepale zilipokuwa kwenye taipureta. Aliyepelekwa kozi ya wiki chache alirudi akiwa na thamani zaidi. Bosi aliyezoea kudokoa kwa kidole kimoja alimwita kila saa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Pigo lilikuja baadaye, tena kwa upole. Mabosi wakajifunza kuandika barua zao wenyewe, kisha baruapepe zao. Chumba kilichokuwa na wapiga chapa kadhaa kikabaki na mmoja, naye akapewa kazi nyingine kumi. Hakuna aliyechoma kompyuta moto, kwa sababu hakuna siku moja iliyoweza kutajwa kuwa ndiyo siku ya kufukuzwa.

Waliovuka walikuwa wa namna gani? Si wale waliokariri vitufe, kwa kuwa vitufe vilikufa. WordStar iliwaudhi wateja wake mwaka 1984 ilipotoa toleo lililoitwa WordStar 2000 lenye amri tofauti. WordPerfect ilichelewa kuingia Windows hadi mwaka 1991, ikauzwa kwa Novell mwaka 1994 na kwa Corel mwaka 1996. Aliyejua F7 peke yake alijikuta hajui kitu. Aliyeelewa kazi yenyewe, kwamba unaweza kuhamisha aya, kunakili ukurasa, kuhifadhi kwa jina na kutafuta neno, aliketi mbele ya Word akauliza tu: hapa hilo hufanywaje? Siku mbili baadaye alikuwa kazini.

Wengi wa waliovuka utawakuta leo katika miji ya Kericho, Bomet, Litein na Sotik, katika vibanda vya huduma ambapo hati huchapwa na kutolewa fotokopi. Anaingia mzee na karatasi ya mkataba wa shamba, au mama aliyekuja kuombea mwanawe basari, naye aliye nyuma ya kibodi huuliza, husikiliza, huandika, huwasomea. Ile kazi ya kale ya karani haikufa. Ilihama kutoka ofisi ya kampuni hadi kando ya barabara, ambako hakuna malipo ya uzeeni.

Mgeni na mwenyeji

Hapa ndipo mchuma chai anapotofautiana na mpiga chapa, na tusifiche. Kompyuta ilikuja ikaomba vidole vilevile. Mashine ya chai haiombi vidole. Ustadi wa kuchagua majani mawili na chipukizi, uliojengwa kwa miaka mingi, hauna mahali pa kukaa juu ya mashine inayokata kila kilichoinuka. Watu wachache huishika, wengi hubaki pembeni. Kumwambia mchuma chai kwamba "hata makarani walizoea" ni kumdhihaki.

Ila historia ya programu hizi inatuonyesha kwamba palipokuwa na kozi kabla ya mashine, watu walivuka. Palipokuwa na mashine kwanza na maneno baadaye, walianguka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Wenyeji ndio wa kuuliza, mapema, huyu mgeni atamponya nani. Saa iliyookolewa na mashine ni mali. Swali la Kericho, kama lilivyokuwa swali la ofisi zetu, ni nani anayeiweka mfukoni.

Kwa mzazi na mwanafunzi nina mawili madogo. Kwanza, anayejifunza programu yoyote leo, na ajifunze kazi iliyo nyuma ya kitufe. Ajue kupanga barua yenye haja moja, kusahihisha, na kutunza nakala. Kitufe kitabadilishwa na watu asiowajua, walio mbali.

Pili, fungua kabati. Huenda mna diski za zamani za chama cha akiba, za kanisa, au za marehemu baba, zilizoandikwa kwa programu ambayo haipo tena dukani. Mtafute fundi aliye na mashine ya kuzisoma angali yupo. Yaliyomo yahifadhiwe upya, kisha yatolewe kwenye karatasi. Mkataba wa shamba ulio ndani ya diski isiyosomeka ni sawa na majani yaliyolala kikapuni usiku kucha. Asubuhi hakuna mizani itakayoyakubali.